Zamu Yangu ya Maji ya Moto

Wanawake wenzangu wakiniuliza habari za Japani huwaambia watu wa kule ni wasafi na chakula chao huja kidogo kidogo. Wakinichimba zaidi huwaambia nimesahau. Si kweli, sijasahau hata kibakuli kimoja. Lakini ukianza kutoa kisa cha nyumba yako mbele ya watu wa Maskati, ujue kabla hujafika kwako Al Amerat kisa kimeshafika, kimekaa sebuleni, kimekunywa kahawa. Kwa hiyo sikisemi. Nakiandika, na majina ya watu nimeyaacha nje.

Mimi na mume wangu tuna miaka ishirini na sita ya ndoa. Yeye ni mhandisi wa mitambo ya maji, na siku mbili katika wiki alikuwa akichelewa sana kurudi, akisema foleni imeziba barabara ya mlimani inayokuja kwetu Al Amerat. Mimi nilikuwa na kazi wizarani, ndani ya Maskati ya zamani, kazi niliyoipenda, mpaka mama yake alipopooza upande wa kulia na mimi nikaomba kustaafu mapema. Msichana wa kazi tulikuwa naye, lakini mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Unguja wa kizamani, hataki mkono wa mtu baki umguse mwili. Akasema ataogeshwa na mimi au ataoza. Nikamwogesha miaka sita. Kila asubuhi nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, nikajifunga kanga kifuani, nikachanganya maji kwenye beseni mpaka yawe anavyoyataka yeye, na akinigusa bega kwa ule mkono mmoja uliokuwa mzima nilijua yamefaa. Mgongo wangu uliharibika hapo. Sisemi ili nipewe pole. Nasema kwa sababu bila ya hiyo miaka sita kisa hiki hakina uchungu wowote, ni habari ya mwanamume aliyeoa tu, na wanaume wanaooa wako wengi.

Alipofariki tulimlilia sana. Mimi nilimlilia kuliko binti zake, na watu walisema, na walikuwa na haki ya kusema. Miezi ikapita. Siku moja mume wangu akaingia jikoni, jambo ambalo si desturi yake, akasimama karibu na friji.

"Umechoka, mama," akaniambia. Ananiita hivyo tangu tupate mtoto wa kwanza. "Nnataka nikupeleke pahala ukapumzike."

"Salala?" nikauliza, maana ndiyo mapumziko yetu sote.

"Japani. Huko milimani zipo nyumba za wageni za kizamani. Unalala chini, unaletewa chakula chumbani, na kazi yako ni kukaa ndani ya maji ya moto tu. Huo mgongo wako utakuwa kama wa msichana."

Nilicheka mpaka nikakaa. Sisi watu wa Maskati, ambao mwezi wa Julai ukifungua bomba la maji baridi linatoa chai kwa sababu ya tangi lililoko juu ya paa, ndio wa kupanda ndege kufuata maji ya moto! Nikamwambia kama ni chemchemi ya moto iko Rustaq, saa moja na nusu kwa gari, tena tutarudi kabla ya magharibi. Naye akacheka. Akasema Rustaq si mapumziko, Rustaq ni kwa shangazi zako.

Dada yangu mkubwa, ambaye hajapata kumwamini mwanamume yeyote isipokuwa daktari wake wa meno, alinitazama nilipompa habari.

"Huyo ana jambo lake. Mwanamume hakupeleki mbali hivyo bure."

"Ananishukuru. Nimemlelea mama yake."

"Kushukuru ni dhahabu. Huku ni kukutoa mji," akasema.

Nikamwambia ana husuda. Nilimwambia hivyo hasa, kwa neno hilo, na mpaka leo hajanirudishia.

Basi tukaenda. Ndege, halafu treni, halafu treni nyingine ndogo, halafu gari ya ile nyumba yenyewe ikaja kutupokea kituoni. Ilikuwa nyumba ya mbao kando ya mto mwembamba wenye mawe, na moshi mweupe ukitoka ardhini huku na huku, una harufu ya mayai yaliyochemshwa kupita kiasi. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, amevaa kimono cha rangi ya majivu, akapiga magoti kizingitini na kutuinamia mpaka nikaona haya. Mkononi alikuwa na simu ya kufasiri. Anaisemesha Kijapani, inatuambia kwa Kiarabu, Kiarabu fasaha cha msoma taarifa ya habari.

Mume wangu alinishangaza. Alijua kila kitu. Viatu unaviacha hapa. Ndara hizi za ukumbini. Kwenye majamvi ya chumbani unaingia na soksi tu. Chooni kuna ndara nyingine, na hizo zisitoke chooni hata hatua moja. Majini huingii na nguo, wala huingii na uchafu. Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua na kujisuuza, ukishatakata ndiyo unaingia. Na tusiwe na wasiwasi wa kukoga na watu, kwani amekwishatuwekea bwawa la faragha, letu peke yetu, saa moja kila jioni.

"Umeyajuaje yote haya?" nikamuuliza.

"Nimetazama mtandaoni."

Mume wangu huyu kuweka saa ya oveni hajui. Lakini nilijawa na fahari, nikasema moyoni, tazama mtu alivyojitaabisha kwa ajili yangu.

Chumbani palikuwa patupu, meza fupi na mito ya kukalia, na dirisha zima ni mto. Yule mwanamke akatuonyesha kitu kwa mikono miwili, akielekeza juu. Kwenye pembe ya dari palibandikwa mshale mdogo wa karatasi ya kijani. Kibla. Na chini yake taulo mbili kubwa, nyeupe, zimekunjwa kwa ajili ya kusalia. Katika nchi ya watu wasiojua hata adhana ni kitu gani, mtu amepanda ngazi akatubandikia kibla. Nilitokwa na machozi mbele yake. Nikamshika mikono, naye akainama tena.

Jioni ile ya kwanza, kabla ya chakula, tulitembea kando ya mto. Mume wangu alinishika mkono penye mawe yanayoteleza. Tuliporudi akanimiminia chai, yeye, kwa mkono wake. Niliinywa nikimtazama, nikawaza kwamba huenda uzee wetu utakuwa hivi, kwamba ile miaka ya beseni na dawa na foleni ya mlimani imekwisha na tumebaki sisi. Nilikuwa na furaha. Naliandika wazi, kwa sababu kati ya yote hilo ndilo linaloniuma: kwamba nilifurahi, na yeye akaniona nikifurahi, akanyamaza.

Chakula kililetwa saa kumi na mbili. Tulikuwa tumevaa majoho yao ya pamba, mimi na mtandio wangu juu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyetuhudumia, akipiga magoti kila anapoweka kitu. Samaki mbichi kwenye jani. Supu nyepesi kama maji ya kunawa, lakini tamu ajabu. Kwa simu yake akatuhakikishia hakuna nguruwe, hakuna pombe, hata ile sosi yao ya chumvi imenunuliwa isiyo na ulevi. Nikazidi kuwapenda watu hawa.

Halafu vikaja vitu vya kukaanga. Sahani ya mume wangu ilikuwa na kamba wawili wakubwa, mikia juu. Yangu ilikuwa na boga, uyoga, na jani.

Mimi na kamba wa baharini hatujapata kutengana. Mama yangu alikuwa akisema nimenyonyeshwa tui la kamba. Nikatazama sahani yangu, nikatazama yake, nikaanza kucheka.

"Mbona weye umepewa na mie nimepewa boga? Au huku wanawake hawali kamba?"

"Chukua wangu," akasema upesi. Upesi mno. "Chukua wote wawili, mie sina hamu."

Akamnyanyua mmoja kwa vile vijiti vyao vya kulia, akawa anamleta kwenye sahani yangu. Mwenye nyumba akatoa sauti, kama mtu aliyeona mtoto anakaribia jiko, akaweka kiganja chake juu ya sahani yangu kuizuia. Kisha akaichukua simu na kuisemesha haraka haraka, na simu ikatamka kwa kile Kiarabu chake cha habari:

"Tafadhali, bibi mheshimiwa asile. Mwaka uliopita midomo ya bibi ilivimba kwa sababu ya kamba, nasi tuliona aibu kubwa. Mara hii jiko letu limeondoa kila chenye gamba katika chakula cha bibi."

Nilidhani simu imekosea. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mie sijapata kufika hapa." Akaviweka vijiti chini. Nikaichukua simu mwenyewe, nikaisemesha kwa Kiarabu: mimi ni mara yangu ya kwanza. Yule mwanamke akasikiliza, akanitazama uso, akautazama mtandio wangu. Kwake yeye, masikini, mwanamke wa kwetu ni mtandio; ameuona mwaka jana, ameuona tena mwaka huu, pembeni ya mwanamume yule yule. Akaomba samahani, akatoka, akarudi na daftari. Kumbe nyumba zile huandika kila mgeni: anacholala nacho, asichokula, maji anayapenda vipi, anasali wapi. Ndiyo heshima yao. Mgeni akirudi hata baada ya miaka kumi, asiulizwe swali mara mbili. Hilo mtandaoni mume wangu hakuliona.

Maandishi yao siyajui, lakini tarakimu nazijua. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliopita. Jina la mume wangu kwa herufi za Kizungu. Watu wawili. Usiku tatu. Chumba hiki. Na pembeni, mtu mwenye mkono mzuri amechora kamba mdogo na kumpiga mstari, na amechora mshale.

Mwenye nyumba aliufahamu uso wa mume wangu kabla yangu. Alifunga daftari taratibu, akainama mpaka paji la uso likagusa jamvi, na hakuinuka. Mimi ndiye niliyemwinua. Katika mambo yote ya safari ile, yeye peke yake ndiye aliyeniomba radhi bila ya kunitaka kitu.

Alipotoka, mume wangu akasema, "Nilitaka nikwambie siku ya tatu."

"Kwa nini ya tatu?"

"Upumzike kwanza."

Nikamwambia nimeshapumzika, aseme. Akasema. Mjane wa ofisini kwao, hana mtoto, anakaa kwenye flati Ruwi. Amemuoa kwa kadhi, mashahidi wapo, kila kitu halali. Kwa hiyo zile siku mbili katika wiki ambazo barabara ya mlimani ilikuwa imeziba na mimi nikimwekea chakula kwenye moto mdogo, mlima haukuwa na kosa lolote. Na ile safari ya kazi aliyoniaga mwaka jana, kwamba anakwenda ng'ambo kwa mafunzo ya pampu, ilikuwa ni fungate.

"Na mie ukanileta hapa. Hapa hapa."

Ndipo aliposema maneno ambayo hata nikifika miaka tisini nitayakumbuka, kwa sababu aliyasema ameinua kichwa, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nilipomleta yeye nikajua lazima na weye nikulete. Nyumba hii hii, chumba hiki hiki. Siku tatu, kama zake. Sikukupunguzia hata mlo mmoja. Nnaogopa, wallahi. Sitaki siku ya kiyama nije nimesimama upande mmoja wa mwili umelala kwa kudhulumu mke."

Wanawake wa kwetu tunaijua hofu hiyo ya mwenye wake wawili asiyewafanyia uadilifu, tumeisikia kwenye mawaidha tangu utotoni, na mwanamume aliye nayo tunaambiwa tumshukuru Mungu. Mume wangu hakuwa anafanya masihara. Alikuwa ameupima uadilifu wake kama mama anayekata kitambaa cha Idi cha mabinti wawili, huyu pima tatu, huyu pima tatu, asilalamike mtu. Na kwa kuwa vipimo vilikuwa sawa, hakuelewa nini kinaniuma. Nadhani hata leo haelewi vizuri. Yeye alichukua safari ya shukrani yangu, malipo ya miaka sita yangu na mama yake, akaifanya zamu.

Saa moja ikafika. Mwenye nyumba akagonga kwa upole: bwawa ni letu. Mume wangu akainuka. Nikamwambia akae.

Nilikwenda peke yangu. Bwawa lilikuwa la mawe, limezungushiwa ua wa mianzi, maji yakianguka kutoka kwenye bomba la mti. Pembeni kigoda kifupi, ndoo ya mbao na kopo la kuchotea. Nikavua, nikakaa kwenye kigoda, nikachota, na kopo la kwanza liliponigonga mgongoni ndipo nilipolia. Mkono wangu ulikuwa unafanya wenyewe ile kazi yake ya miaka sita, kuchota, kupima joto kwa kiwiko, kumimina bega la kulia kwanza. Nilimlilia mama mkwe wangu upya. Nilijililia na mimi. Kisha nikaingia majini, na yale maji, Mungu anisamehe, yalikuwa mazuri. Mgongo ulilegea. Nilichukia kwamba ulilegea.

Nikiwa pale nikaisikia ile sauti ya maji, pomboko, pomboko, yanavyoanguka kwenye mawe, nikajua nimeshaisikia kabla.

Mwaka jana, siku zile za "mafunzo", mama mkwe wangu alikuwa na homa. Kila asubuhi anamuulizia mwanawe. Mchana mmoja mume wangu akapiga simu, nikaiweka sikioni kwa mama, na maji yalisikika mpaka kwangu niliyesimama.

"Sauti gani hiyo, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Mitambo, mama. Niko mitamboni."

Simu ilipokatika mama aliendelea kuitazama. Halafu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Huyu mwanangu yuko kazini kweli? Sauti yake nnaijua. Ile sauti ya mtu alokula akashiba."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya mume wangu, kwamba mtu anahangaika na mapampu ugenini na mama yake anamshuku. Nikamwambia hapana, mama, anataabika masikini, kazi inamuua.

"Niapie."

"Wallahi, mama. Yuko kazini."

Akapumua. "Basi nimemridhia," akasema. "Kama anajitaabisha namna hiyo, nimemridhia kwa yote, na Mungu amfungulie." Hakupata nguvu ya kusema maneno marefu tena baada ya hapo. Miezi mitatu baadaye tulimzika. Radhi ya mama yake, ile ambayo watu wetu wanaitafuta kuliko nyumba na gari, mume wangu aliipata kwa kiapo changu, na kiapo changu kilikuwa cha uwongo, na wakati nakiapa yeye alikuwa amekaa mahali nilipokaa mimi sasa, maji yakimfika shingoni.

Mtasema ningeondoka asubuhi yake. Niende wapi, na ile milima, na Kijapani chao? Nilikaa. Nilikaa na siku mbili zilizobaki nikazitumia kwa hasira. Kwa kuwa ni zamu yangu, basi niikoge yote! Asubuhi nimo majini, adhuhuri nimo majini, ngozi ya vidole imejikunja kama ya zabibu. Yeye akakaa chumbani na tasbihi. Tulisali chini ya ule mshale, yeye mbele mimi nyuma, na baada ya salamu hatukutazamana. Chakula cha jioni ya pili mwenye nyumba aliniletea sahani ya peke yangu, kamba watano, bila ya mboga hata moja. Simu aliiacha nje. Nilimla kila mmoja mpaka mkia, nikimtazama mume wangu usoni.

Kwenye ndege ya kurudi ndipo alipoanza. "Niridhie, mama." Nikageukia dirisha. Tulipofika nyumbani akaendelea, asubuhi akitoka, jioni akirudi. Hakuwa anataka nipende alichofanya. Alikuwa anataka neno moja tu, "nimeridhia", kama mtu anayetaka muhuri ili jalada lifungwe. Kaka yake mkubwa akaja, akanywa kahawa, akanieleza kwamba mwanamume hakufanya haramu, na amenichukua mpaka Japani, wangapi wamechukuliwa Japani? Nikamwambia karibu tena. Dada yangu alikuja pia. Hakusema "nilikwambia". Alinitandikia kitanda, akakunja nguo zilizokuwa kwenye kapu, akaondoka, na hilo lilinitoa machozi kuliko kama angenicheka.

Siku zake mume wangu anazishika barabara. Siku tatu Ruwi, siku tatu kwangu, na ya saba anagawa nusu, ameiandika kwenye simu. Akichelewa dakika kumi anaomba samahani. Mwenzangu huyo sijamwona, wala simchukii kama mnavyodhani. Hata yeye alidanganywa kitu, alipewa fungate na mwanamume ambaye mama yake anaungua homa. Sijui kama anajua.

Kilichokuwa kikinikosesha raha ni kile kiapo. Nikampigia simu sheikh mmoja, sikumweleza nani ni nani. Akaniambia aliyeapa akiamini kwamba anasema kweli hana dhambi, wala hana kafara. Na hata angekuwa nayo, akasema, ni kulisha masikini kumi kwanza, kufunga siku tatu ni kwa asiyeweza. Nikamshukuru. Alikuwa na haki. Lakini mimi ndiye niliyeshikwa na ule mkono wa mama, na ule mkono haukumshika sheikh. Nikanuia, nikafunga siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kwangu. Mume wangu akarudi saa nane mchana, nikamtengea wali na samaki. Akaiona sahani moja.

"Weye huli?"

"Nimefunga."

"Funga ya nini leo?"

Nikamwambia. Nilisimama pale pale karibu na friji, nikamweleza yote, homa, simu, sauti ya maji, mama alivyonishika, nilivyomwapia, na yeye alivyomridhia papo hapo kwa kiapo hicho. Hayo yote hakuwa akiyajua. Alikuwa anadhani mama yake alimridhia hivi hivi, kwa mapenzi. Tonge lilikuwa mkononi, akalirudisha kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza tangu Japani nilimwona anaogopa kitu ambacho hakukipima. Nikangoja. Nilifikiri sasa atalia, na akilia, sikufichi msomaji, nilikuwa tayari kukaa chini naye.

Akafuta vidole kimoja kimoja. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama anavyomuuliza fundi:

"Sasa mie nifunge siku ngapi?"

Nikaichukua sahani mbele yake.

"Mwenye hesabu hiyo," nikamwambia, "tumeshamzika."